Tangawizi na Kuvimba: Namna Wanavyoipima Mbele ya Kuiita Dawa



Siku moja ya kupima watoto kilo, mama mumoja alisimama katikati ya wenzake akaniuliza: "Madamu, banasema ku redio kama wazungu bamepima tangawizi mu labo, na bameona inatuliza kuvimba. Sasa juu ya nini munatukataza kuitumia kwa mutoto?" Wengine walicheka kidogo, kisha wakanitazama. Walitaka kuona kama nitakasirika.

Sikukasirika. Ulizo lake lilikuwa zuri, na nusu ya mambo aliyosikia ni kweli. Kitu kimoja tu nilimusahihisha palepale: si wazungu peke yao. Wengi wanaofanya kazi hiyo ni watu wa Asia, kule tangawizi inakopandwa tangu zamani sana, na hata katika inchi za Afrika kuna watu wanaopima mimea yetu.

Tena nilikuwa na deni la ulizo hilo. Nilipokuwa ningali kijana, nimetoka masomo tu, nilifanya kazi katika kituo kimoja cha afya. Mama mumoja alileta mutoto wa miaka 4, goti limevimba. Alikuwa amesaga tangawizi pamoja na majani, akaifunga juu ya goti kwa kitambaa. Mimi nilifungua kitambaa mbele ya wamama wote, nikainusa, nikasema: "Hapa si jikoni." Watu walicheka. Mama alinyamaza. Habari za mutoto huyo nitazimaliza chini.

KUVIMBA NI NINI?

Ukichomwa na mwiba shambani, kesho yake kidole kinakuwa chekundu, kina moto, kimevimba, kinauma. Alama hizo 4 mwandishi Mroma aliyeitwa Celsus aliziandika karibu miaka 2000 iliyopita, na hata leo tunazifundisha wanafunzi wetu.

Pengine unafikiri ni mikrobe ndiyo inayoleta moto ule. Lakini kwa sehemu kubwa ni mwili wako mwenyewe. Ndani ya damu na nyama kuna chembe ndogo sana, macho hayawezi kuziona bila mikroskopi, nazo zinafanya kazi ya askari. Kundi moja la askari hao linaitwa makrofaji, maana yake "wenye kula sana." Wanazunguka mwilini, wanameza mikrobe na chembe zilizokufa. Wakikutana na adui wanapiga kelele, ni kusema wanatoa vitu vya kuwaita askari wengine. Basi mishipa midogo ya damu inafunguka, damu inakuja nyingi, na hapo unaona wekundu na kusikia moto. Maji yanatoka ndani ya mishipa na kuingia katika nyama, na hapo unaona kuvimba.

Kwa hiyo kuvimba ni vita ya kukulinda. Mutu ambaye askari wake hawapigani, hata kidonda kidogo kinaweza kumuua. Lakini kuna wakati vita inapita kipimo ao haiishi, kama vile pumu, ao viungo vya mutu ambaye askari wake wanapiga nyumba yao wenyewe kwa miaka mingi. Hapo tunatafuta dawa ya kuwatuliza, na dawa zingine zimetoka katika mimea.

TUINGIE NDANI YA LABO

Kwanza wanachukua tangawizi, wanaikausha, wanaisaga, wanailoweka katika pombe kali ili kitu chake cha nguvu kitoke. Kisha wanatenganisha kilichotoka, kimoja kimoja. Kile kinachowasha mudomo wako ukitafuna tangawizi mbichi kinaitwa jinjeroli. Tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli inageuka na kuwa shogaoli, jina linalotoka katika neno la Kijapani la tangawizi, na hii inawasha zaidi. Wewe unayeuza tangawizi kavu sokoni unajua jambo hilo kwa ulimi wako, hata kama hukujua jina lake.

Sasa wanahitaji askari. Hawawatoi kwa mutoto, usiogope. Mara nyingi wanatumia makrofaji za panya mudogo zinazoitwa RAW 264.7. Zilitoka kwa panya mumoja aliyekuwa na kansere, na habari zake ziliandikwa mwaka 1978. Tangu wakati ule zinagawanyika tu ndani ya chupa. Labo moja inazipatia labo ingine, kama jirani anavyokupa mbegu ya kupanda, nawe ukivuna unamupa mwingine.

Wanaziweka katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kinatosha punje moja ya hindi. Wanazilisha, na wanazitunza katika joto la digrii 37, sawa na joto la mwili wako.

Katika vishimo vya kwanza hawatii kitu. Katika vya pili wanatia kitu kinachoitwa LPS. Angalia vizuri neno hili, tutalirudilia. LPS ni kipande cha ngozi ya nje ya mikrobe, mara nyingi mikrobe ya tumbo inayoitwa koli. Mikrobe yenyewe haiko pale. Ni koti lake tu. Lakini askari wakiona koti la mwizi wanaanza kupiga kelele kana kwamba mwizi amefika. Katika vishimo vya tatu wanatia LPS pamoja na dawa ya tangawizi kidogo. Vinavyofuata, dawa inazidishwa. Na vingine wanatia LPS pamoja na dawa tunayoijua tayari kwamba inatuliza, mara nyingi deksametazoni. Bila vishimo hivi vyote hawawezi kulinganisha, na bila kulinganisha ni maneno tu.

Kiisha saa 24 wanachota maji yaliyo juu ya chembe. Makrofaji zikikasirika zinatoa hewa moja, oksidi ya nitrojeni, ambayo haionekani kwa macho. Ndani ya maji inageuka kuwa nitriti, na nitriti inaweza kuonekana ukitia dawa ya rangi iliyotoka katika kazi ya mwanakemia Griess tangu mwaka 1879. Palipo na kelele nyingi, maji yanakuwa na rangi ya pinki kali. Palipo na utulivu, yanabaki karibu meupe. Mashini inasoma rangi hiyo na kuandika hesabu.

Na kweli, jinjeroli na shogaoli zilipunguza rangi ile ya pinki. Kadiri walivyozidisha dawa, ndivyo rangi ilivyopunguka, na shogaoli ilipita jinjeroli kwa nguvu. Basi redio haikusema uongo.

WAMETULIA AO WAMEKUFA?

Ukipita usiku katika kijiji na husikii sauti hata moja, utajuaje kama watu wamelala ao wamekufa? Ukimimina Javel ndani ya kishimo, kelele itaisha kabisa na maji yatakuwa meupe pia. Je, utasema Javel ni dawa ya kuvimba?

Ndiyo sababu wanafanya kipimo cha pili. Wanatia unga mumoja wa manjano unaoitwa MTT, uliotangazwa kwa kazi hii mwaka 1983. Chembe nzima inaugeuza kuwa rangi ya zambarau. Chembe iliyokufa haiwezi, na rangi inabaki ya manjano. Kama dawa imetuliza kelele na zambarau ingali nyingi, vema. Kama zambarau imepotea, dawa imeua askari, wala haikuwatuliza. Tangawizi yenyewe, wakiitia kidogo askari wanaishi. Wakizidisha sana wanakufa. Mimi napenda sana kipimo hiki. Natamani kila mutu anayeuza chupa za dawa ku barabara aulizwe kwanza: "Zambarau yako iko wapi?"

JAMBO AMBALO SAHANI HAIKUULIZWA

Sasa turudi kwa LPS. Nimesema ni koti la mwizi. Ndani ya sahani ile hakuna mikrobe hata moja yenye uhai. Dawa ya tangawizi ilipewa kazi moja tu, kunyamazisha askari wanaopigia koti kelele. Kipimo hiki hakikuuliza kama inaweza kumufukuza mwizi mwenyewe.

Lakini katika goti la mutoto, ao katika sikio linalotoka usaha, ao katika kitovu cha mutoto muchanga kilichokuwa chekundu, mwizi yuko, anaishi, anazaa. Mikrobe zingine zinaongezeka mara mbili kwa muda usiofika saa moja. Hata kama tangawizi ingefika pale na kutuliza askari vizuri kama katika sahani, ingewatuliza wakati mwizi anapobeba vitu. Uvimbe ungeweza kupunguka siku moja ao mbili, nawe ungefurahi, na usaha ungekuwa unakula mufupa ndani.

Tena kufika pale si rahisi. Katika sahani wanamimina dawa juu ya askari wenyewe, inakaa nao muchana na usiku. Wewe ukikunywa chai ya tangawizi, matumbo na ini vinaifunga jinjeroli pamoja na vitu vingine mwilini ili itoke. Ile inayobaki huru ndani ya damu ni kidogo sana. Kwa hiyo kiisha sahani wanapima kwa wanyama, na kiisha wanyama wanapima kwa watu wakubwa waliokubali: kundi moja linapata dawa, lingine linapata kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa, na wagonjwa wenyewe hawajui wamepata kipi. Dawa nyingi zinazofanya vizuri katika sahani zinaangukia njiani.

Tangawizi haikuanguka yote. Kwa mama mwenye mimba anayesikia kichefuchefu, imepimwa mara nyingi kwa njia hiyo, na inasaidia kichefuchefu, ijapo kutapika kwenyewe haikupunguzi sana. Kipimo walichotumia kilikuwa karibu gramu 1 ya unga mukavu kwa siku, ni kusema nusu ya kijiko kidogo cha chai, kugawanywa mara kadhaa. Kwa watu wakubwa wenye magoti yaliyochakaa, imepunguza maumivu kidogo. Kama uko na mimba na asubuhi chakula kinakushinda, kunywa chai yako ya tangawizi bila haya. Lakini kama unameza dawa ya kufanya damu isigande, utuambie kwanza.

Mutakumbuka kenkina, miti ile inayopandwa hapa Kivu. Ngozi yake ilikuwa dawa ya homa, lakini ngozi ya muti mumoja ina nguvu nyingi, ya mwingine kidogo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kinini ndani yake, na tangu hapo watu waliweza kujua kila mugonjwa anapata kiasi gani. Munganga hakatai muti. Anataka kujua ndani ya kijiko mna nini, kwa sababu mutoto wa kilo 6 hana nafasi ya kukosea kipimo.

NENO JUU YA "DEKSA"

Nilisema kwamba wanalinganisha tangawizi na deksametazoni. Ninyi munaijua: ni vile vidonge vidogo ambavyo wamoja wananunua sokoni juu ya kunenepa mashavu. Dawa hiyo ni ya nguvu kweli katika kutuliza askari, na mikononi mwa munganga inaokoa watu. Lakini sasa unafahamu inavyofanya kazi. Mwenye kuimeza kila siku juu ya uzuri amewalaza askari wake usiku na muchana. Mashavu yanajaa, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala ndani ya mapafu kinaamuka. Sukari ya damu inapanda pia. Na akiiacha kwa gafula kiisha miezi mingi anaweza kuanguka. Kama umeizoea, usiiache peke yako wala usifiche. Njoo tuipunguze polepole.

NYUMBANI UFANYE NINI?

Tangawizi ndani ya supu na chai ya watu wakubwa ni chakula, endelea. Mutoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Hapana kumupa maji ya tangawizi, hata kijiko kimoja, hata kama anakohoa. Usiitie katika jicho, katika sikio wala juu ya kidonda.

Na lavema. Najua wamama wengi wanachanganya tangawizi na pilipili na kumuingizia mutoto kwa nyuma, wanasema inasafisha tumbo na kutoa homa. Ngozi ya ndani ya matumbo ya mutoto ni laini kama ndani ya kinywa chake. Ile inayowasha ulimi wako wewe mukubwa inamuchoma yeye pale ambapo huwezi kuona. Lavema inamutoa maji pia, na mutoto mwenye homa na kuhara hana maji ya kupoteza. Hakuna sahani ya labo iliyowahi kusema lavema hiyo ni salama.

Ziwa lako likivimba wakati wa kunyonyesha, likawa jekundu na lenye moto, endelea kunyonyesha, hata kwa upande ule unaouma, maana maziwa yakikaa ndani uvimbe unazidi. Weka kitambaa chenye maji baridi kisha mutoto kushiba. Ukisikia homa ao baridi ya kutetemeka, ao kiisha siku moja hakuna nafuu, njoo.

Lakini mutoto ambaye kiungo chake kimevimba na ana homa, ao anakataa kukanyaga muguu, ao analia ukigusa pale, usimungojeshe hata usiku mumoja. Mulete siku ileile. Kama anajulikana kuwa na SS, sema hivyo mulangoni, usingoje foleni. Vilevile mutoto yeyote asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na kifafa cha homa, ao anayelala tu bila kuamuka vizuri.

MUTOTO WA GOTI

Nilimupa mama yule dawa ya maji ya kupunguza homa, nikamwambia arudi siku ya tatu. Hakurudi. Alifika siku ya tisa, jioni, mutoto mugongoni kama gunia, mwili unawaka. Kitambaa kilikuwa pale pale juu ya goti, na harufu ya tangawizi. Tulimupeleka hospitali usiku ule. Munganga alipasua, usaha ulitoka mwingi, na ulikuwa umefika kwenye mufupa. Alikaa hospitali wiki nyingi. Anaishi, sasa ni kijana, anauza vocha za simu karibu na soko. Anachechemea.

Nilipomuuliza mama yake juu ya nini hakurudi siku ya tatu, alisema: "Nilikuwa ningali namufunga ile dawa. Niliogopa utanichekesha tena mbele ya watu."

Kosa la kuchelewa siku zile lilikuwa langu kuliko lake. Hata mimi sikumupima mutoto vizuri siku ya kwanza. Nilikuwa nimeshugulika na kitambaa. Goti lile lilistahili kwenda hospitali asubuhi ile.

Siku hizi wanafunzi wangu wanajua: mama akifika na kitambaa, unakifungua polepole, nyuma ya pazia, na unauliza, "Ulitia nini, na tangu siku gani?" Unaandika jibu katika fishi ya mutoto, pamoja na homa na kilo. Basi, mama, ukija, leta na ile mizizi yako, ao lile jani, ao chupa ile. Uiweke juu ya meza, tuione pamoja.